Arepa Zisizo na Jibini

Vumilia alikuwa na kazi mbili na miguu miwili, na mwaka huo wa 2006 miguu ndiyo iliyoanza kulalamika. Jioni alihudumia wagonjwa katika nyumba ya wazee upande wa Maryland, Marekani. Asubuhi aliondoka kwenye chumba alichopanga pamoja na Mumbi, Mkenya wa Kiambu, pale Langley Park, akapanda basi, treni, kisha basi tena hadi Annandale, kwa bibi mmoja wa Venezuela aitwaye Genoveva.

"Wewe utaanguka siku moja," Mumbi alimwambia. "Si uombe off, hata wiki moja tu?"

"Nitaomba," alijibu Vumilia, kama alivyojibu mwezi uliopita.

Genoveva alikuwa na miaka themanini na mmoja. Kiharusi kilimwachia mkono wa kushoto tu, na maneno machache. Daktari alimkataza nyama, siagi na jibini, na binti yake Beatriz, aliyerudi kutoka ofisini kila jioni akiwa hoi, akabandika orodha kwenye mlango wa friji. Tangu hapo bibi akagoma kula. Supu ya mboga ilipoa mezani siku baada ya siku. Vumilia alimlisha vijiko vitatu. Cha nne, bibi alifunga mdomo na kuutazama ukuta. Magauni yakaanza kumpwaya.

Siku moja Vumilia alimuuliza, kwa Kiingereza chao cha kuungaunga, kwao Maracaibo walikuwa wanakula nini asubuhi.

"Arepa," alisema bibi, akichora duara hewani kwa kidole. "Mahindi."

Mahindi Vumilia aliyajua. Alikulia Songea, akasonga ugali tangu akiwa hafikii meko. Kesho yake alikuja na pakiti ya sembe, akaikanda kwa maji ya moto, akafinyanga vikate na kuviweka kwenye kikaango. Vikapasuka. Alipojaribu kuvigeuza, vikawa makombo matupu. Akasimama na mwiko mkononi, hana hata nguvu ya kukasirika. Nyuma yake, kwenye kiti cha magurudumu, mabega ya bibi yalikuwa yanatikisika. Alidhani analia, kumbe anacheka.

"Unga siyo," bibi alisema. "Ule... umepikwa."

Ikabidi Vumilia aulize katika duka la watu wa El Salvador karibu na kwake. Mwenye duka akampa unga wa mahindi yaliyochemshwa kwanza ndipo yakasagwa. Jumamosi alifika nao Annandale, pamoja na maharagwe meusi, parachichi na ndizi mbivu zenye madoa. Beatriz alikuwa bado amelala.

Aliyachemsha maharagwe mpaka yakalainika, akayaunga kwa kitunguu, saumu na pilipili hoho. Ndizi akazikaanga. Kisha akatia chumvi kwenye maji ya uvuguvugu na kumwagia unga kidogo kidogo. Bibi alimwashiria asogeze bakuli, akalibonyeza donge, kisha akajigusa ncha ya sikio: liwe laini hivi. Wakaliacha linywe maji. Vumilia alipofinyanga, bibi alizungusha kidole chenye maji pembeni mwa kila kikate na kuziba nyufa.

Arepa zilipoiva, zilitoa mlio wa kitu chenye uwazi ndani zilipogongwa. Vumilia alizipasua ubavuni na kuzijaza maharagwe, ndizi na parachichi.

"Jibini?" aliuliza bibi.

"Hakuna, mama. Daktari amekataza."

"Daktari si mtu wa Maracaibo."

Hata hivyo akala. Akamaliza nzima, akanyoosha mkono kuchukua nyingine.

Beatriz alitokea mlangoni na nguo za kulalia. "Nani amezipika?"

"Mama mwenyewe. Mimi nilimwazima mikono."

Beatriz alimega kipande, akatafuna taratibu, akavuta kiti na kukaa. "Mimi sijui kuzipika," alisema. "Alikuwa ananiita jikoni, namwambia nina mtihani. Kila siku nina mtihani." Alifuta macho kwa kiwiko. "Nifundishe, dada."

Vumilia alikuwa anawaza kuketi tu. Hata hivyo alisogeza bakuli. Za Beatriz zikatoka nene kama matofali, na mama yake akampiga kofi dogo mkononi, akimsemesha kwa Kihispania haraka kuliko alivyowahi kusema tangu augue.

Vumilia hakuwaelewa. Alikaa pembeni awasikilize kidogo, na usingizi ukamchukua palepale, vidole vimegandwa na unga. Aliposhtuka jua lilikuwa limehama dirishani.

"Samahani, dada, sikukusudia..."

"Jiko nimezima, vyombo nimeosha," alisema Beatriz. "Kuanzia wiki ijayo Jumamosi ni zangu na mama. Wewe usije. Pumzika."

Jumamosi iliyofuata Vumilia alilala hadi saa saba mchana, akaamka, akanywa maji, akarudi kulala.