Saa Ilivyoniumbua Mbele ya Madam

Jamani, nimechoka, hata kuona aibu ni kazi. Ofisini mjini tulipewa saa za mkononi zinazopima mapigo ya moyo na usingizi, kisha kila mtu asimulie amejifunza nini kujihusu.

Mimi hutoka Riruta kukiwa bado giza. Bosi wetu, Madam, akituombea kila asubuhi, nainama na kufumba macho. Ndiyo maana majuzi alinifanya kiongozi wa maombi kuanzia mwezi ujao.

Zamu yangu ikafika, mchoro wa saa yangu ukawekwa ukutani.

"Hapa penye buluu ni nini?" Madam akauliza.

"Usingizi mzito, Madam," nikajibu kwa madaha.

Akasogea karibu, akasoma. "Lakini huu ni wakati wa maombi."

Kisha mtu nyuma akasema, "Amina."