Wimbo wa Kukamulia Ng'ombe

Juzi nilikuwa mjini Nyeri kununua gambuti, na kabla sijajaribu ya kwanza, redio ya dukani ikapiga wimbo wetu. Gita la umeme likanguruma, na mwenye duka akaimba kila neno huku akinitafutia saizi. Hakujua kuwa sauti ile ya redioni ilikuwa yangu. Sikumwambia, lakini nilitoka pale nikitabasamu peke yangu barabarani. Acha nikueleze wimbo huo ulikotoka.

Nililelewa na nyanya yangu huko Mweiga, kwenye baridi ile ya milima ya Nyandarua inayounguza majani ya viazi. Kabla ya shule kazi yangu ilikuwa kumtilia ng'ombe majani, naye nyanya anaketi kwenye kigoda, anapaka mafuta mikononi na kuanza kukamua. Aliimba kwa Kikuyu, maneno machache tu: shusha, mama, shusha, kuna mtoto jikoni ananingoja. Maziwa yaligonga ndoo kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka povu likameza ule mlio. Halafu tunakunywa chai yenye harufu ya moshi, na viazi vitamu vya jana.

Siku moja mwalimu alitaka kila mtu aimbe wimbo wa kwao. Niliimba huo. Darasa zima lilicheka. "Ati anaimbia ng'ombe!" Sikuuimba tena kwa miaka mingi.

Nilipokuwa mwanamke mzima nikaunda bendi ya roki na marafiki wawili kutoka Kiganjo. Jioni moja, tukiwa tumechoka kuiga nyimbo za watu, nilijikuta naimba ule wa nyanya. Mpiga ngoma akaanza kugonga kulia, kushoto, kulia, kushoto, vilevile, na sikuwa nimemwambia lolote kuhusu ndoo. Tuliuchezea mwezi mzima, ukakosa mwisho.

"Enda uulize shosho," mpiga ngoma akasema. "Yeye alikuwa anamaliza aje?"

Nikaenda Mweiga. Nyanya alikuwa anamenya viazi uani.

"Haukuwa na mwisho," aliniambia. "Ndoo ikijaa, ninanyamaza."

"Na uliutoa wapi, shosho?"

Akaweka kisu chini. "Mama yako alifariki ukiwa mdogo sana, ulikuwa unalia usiku na mchana. Na hiyo ng'ombe ilikuwa imepoteza ndama, imekataa kushusha maziwa. Nikaona, sisi wote tukilia, huyu mtoto atakunywa nini? Nikaanza kuiimbia. Ikashusha."

Nilikuwa nimebeba aibu ya wimbo ule tangu darasani, kumbe mtoto wa jikoni nilikuwa mimi. Nililia pale pale, naye akanipa kiazi nimenye.

Mwisho tuliupata kwenye maneno yake mwenyewe: ameshusha, mtoto amekunywa.

Tulipouimba mara ya kwanza, ukumbi mmoja pale Nyeri ulijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Nyanya aliketi mbele kabisa, kitambaa kipya kichwani. Gita lilipoingia alishtuka, akaziba masikio, kisha akayaachilia polepole. Kufikia ubeti wa pili kina mama wa Mweiga walikuwa wamesimama, mikono yao ikikamua hewa. Na tulipofika kwenye mtoto amekunywa, nyanya akainuka na kupiga vigelegele vitatu, vile ambavyo kwetu humpokea mtoto wa kike akizaliwa. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Sikuweza kumaliza, wakanimalizia wao.

Nyanya tumeshamzika. Zizi lilibomolewa, na jirani aliyenunua ng'ombe wetu wa mwisho hukamua kwa mashine. Hakuna anayeimba tena asubuhi upande ule. Natamani yote yarudi, hata ile baridi. Lakini maneno aliyomwambia ng'ombe mmoja, akiwa na msiba na mtoto analia, leo yanaimbwa na watu ambao hawajawahi kushika kiwele. Alishinda, shosho wangu. Alishinda kabisa.