Kadi Niliyotoa Kwa Kompyuta ya Shemeji

Makosa ni yangu, msinitafutie sababu. Niliiba, na niliyemwibia haoni.

Nilikuwa mgonjwa wa kompyuta kuukuu. Wenzangu hapa Kitengela wakinunua ploti, mimi nazunguka nikitafuta kadi za sauti za zamani, zile zinachomekwa ndani ya kompyuta ndio itoe sauti. Nazisafisha, naziweka kwa mashine za miaka ya tisini, nacheza gemu na kusikiliza ile miziki yake mpaka mke wangu ananuna.

Dada yake, Nekesa, ni kipofu. Alikuwa anachapa barua kwa ofisi moja Kajiado, na kompyuta yake ilikuwa inamsomea kwa sauti kila kitu anachoandika. Siku moja akaniita niipanguse vumbi. Kufungua, wacha! Kadi niliyotafuta miaka na mikaka.

Nikaichomoa, nikamwekea mpya. Nikajiambia nimemfanyia mema, mpya si ndiyo bora? Lakini programu yake ilikuwa ya zamani, ilijua kadi ile tu. Na mimi, fundi mzima, sikungoja hata kuiwasha nisikie.

Kesho yake akanipigia simu. "Shemeji, mashine imenyamaza. Kwani uligusa kitu?"

"Sikugusa. Imezeeka tu."

Hapo ndipo ningefaa kusema ukweli. Niliogopa mke wangu, niliogopa kuitwa mwizi. Nikawa nasema nitairudisha wikendi, na wikendi ikifika naona aibu. Mafundi wengine walikuja wakashindwa. Ofisi ikachoka, ikaandika mtu mwingine. Siku niliyofika na kadi mfukoni, kompyuta yenyewe ilikuwa imeshauzwa na vyuma kuukuu.

Wueh, sina raha tena. Nekesa anaishi kwetu. Mtu aliyekuwa anajilipia nyumba sasa anaomba dada yake amnunulie sabuni. Chakula kikiwekwa, yeye ndiye anaomba: "Baba, mbariki shemeji, alihangaika sana na mashine yangu." Mke wangu anasema amina. Mimi namsogezea sahani.

Jana ameniuliza kama naweza kumtafutia mashine nyingine kama ile. Nimesema nitajaribu, na najua haipatikani; kadi ninayo, lakini ile programu ya kumsomea iliuzwa ndani ya mashine.

Kama umeficha kitu cha mtu, ndugu yangu, kirudishe leo, hata ukitukanwa. Mimi nilingoja aibu ipungue kwanza, na sasa nashindwa kukaa kwa meza yangu mwenyewe.