Chai ya Shamimu, Kufuli la Bonifas

Siku Hilde alipokataa chai, nyumba ya kaka yake iliingiwa na baridi. Hakuna aliyemtukana mwenzake wala hakuna aliyekosa adabu. Ila tangu asubuhi ile watu watatu walikula chini ya paa moja bila kutazamana usoni, na kila mmoja alikuwa na sababu yake.

Tuanze na chai yenyewe. Shamimu, mke wa Bonifas, ni mtu wa Ruhembe hasa, kazaliwa katikati ya miwa na kakulia humo. Kwake chai ni sukari, majani yanatiwa ili ipate rangi tu. Ukinywa chai yake, midomo inanata. Basi asubuhi hiyo alimwekea wifi yake kikombe kama kawaida, Hilde akakisogeza pembeni, akasema kwa upole, "Wifi, nipe maji ya moto tu." Mchana ukaja ugali. Hilde akamega kipande cha kumshibisha mtoto, sahani iliyobaki akairudisha jikoni. Lo! Shamimu alisimama na mwiko mkononi, anaitazama sahani ile kama ameona nyoka.

Usimcheke. Nawe ungekuwepo mwaka ule Hilde alipougua, ungeogopa vilevile, maana ugonjwa ulianza hivyohivyo. Hilde alikuwa msichana mchapakazi, wa kupalilia miwa huku anaimba. Ghafla akaanza kusikia sauti ambazo sisi wengine hatuzisikii, na sauti zile zikamwambia kwamba wifi yake anamtilia sumu. Akakataa chai. Akakataa ugali. Akakonda mpaka mifupa ya mabega ikatokeza. Kisha akaanza kutembea. Alfajiri moja alishika reli, peku, akaifuata kuelekea Mikumi, na mafundi wa reli wakamkuta ameketi juu ya mataruma, katikati ya reli, mahali ambapo tembo hupita kana kwamba wako kwao, na kweli wako kwao. Bonifas alimfuata kwa pikipiki ya kukodi. Walirudi mshikaki, dereva mbele, Hilde katikati, kaka mtu nyuma amemkumbatia, analia njia nzima bila aibu.

Wiki hiyohiyo Bonifas alinunua kufuli, akalipachika nje ya mlango wa chumba cha dada yake.

Mungu si Athumani, sindano ya kila mwezi ikamkubali Hilde. Sauti zikanyamaza. Kufuli likabaki linaning'inia wazi, likaota kutu. Ila dawa ile ilikuja na njaa yake, njaa ya ajabu, mtu ametoka kula bado anatazama sufuria. Hilde akanenepa. Majirani wakafurahi kwelikweli: "Hilde amependeza! Amepona!" Wakati huo magoti yanamlilia, presha iko juu, na sukari kwenye damu nayo inapanda. Kwetu mnene ni mzima, basi hakuna aliyeuliza.

Aliyeuliza ni nesi wa zahanati, Nairesiae, binti wa wafugaji wa huko tambarare, mrefu, mwenye mwendo wa mtu aliyekua nyuma ya ng'ombe. Aliwakusanya watu wake wa sindano akaanzisha kikundi. Kila Jumanne wanatembea njia ya katikati ya miwa hadi relini na kurudi, kisha wanapika pamoja pale zahanati: mboga za majani nyingi, maharage, ugali kidogo, na chai isiyo na sukari. Nikolaus, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto, aliambiwa apunguze sigara, na analalamika mpaka leo. Sheria ya kikundi ni moja tu: asiyetokea, wenzake wanamfuata kwake.

Nesi aliwaambia pia kila mtu aje na ndugu siku ya kwanza, asikie kinachofanyika. Hapo ndipo Hilde alipoharibu. Bonifas alikuwa kwenye mavuno ya miwa, na Hilde aliogopa kumwambia Shamimu. Utamwambiaje mwanamke uliyewahi kumwita mtia sumu kwamba chai yake inakuumiza? Akanyamaza. Akafikiri jambo litapita lenyewe.

Halikupita. Wakati yeye anafurahi kwamba sasa anainama kufunga viatu bila kuugulia, na kwamba Jumanne kuna watu anaocheka nao bila kuulizwa kichwa kikoje, nyumbani walikuwa wanamhesabia dalili. Hanywi chai. Hali akashiba. Gauni limemlegea. Anatoka alfajiri. Kisha jirani mmoja, wa wale wasiokosa la kusema, akamnong'oneza Bonifas: "Dada yako nimemwona relini."

"Yamerudi," Bonifas alimwambia mkewe, na uso wake ukazeeka palepale.

Jumanne iliyofuata Hilde alikuwa ameshavaa viatu aliposikia mlio mlangoni. Kah! Aliujua mlio ule wa kufuli.

"Kaka?"

"Tulia, mdogo wangu. Leo hutoki."

"Kaka, leo siku ya sindano!"

"Nitakupeleka kesho."

"Kesho yako naijua! Kesho ni miwa, keshokutwa ni miwa!"

Hasira ilimpanda Hilde mpaka masikio yakawaka moto. Alitaka kuupiga mlango teke utoke na bawaba zake. Mguu ukainuka, ukabaki hewani. Alijua vizuri kwamba akipiga teke moja tu, huko nje watasema, mnaona? Na akikaa kimya sindano itampita, na sindano ikipita, wale wenye sauti waliomnong'oneza mwaka ule wanaweza kurudi. Akaketi kitandani, mikono katikati ya magoti. Alikuwa anaogopa, tena sana.

Upande wa pili Bonifas alikuwa ameketi chini, mgongo umeegemea mlango uleule. "Sitaweza kukuokota relini mara ya pili, Hilde," alisema. "Nguvu hizo sina. Nisamehe."

Hilde angejibu, ila kabla hajafungua kinywa alisikia mtu anamwita. Mbali, kutoka upande wa miwa. "Hildeee!" Mara sauti mbili. Mara nyingi, za kike na za kiume, zote zinataja jina lake. Ndiyo yenyewe, alijiambia. Wamerudi. Kaka alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa najidanganya na viatu vyangu.

Akaenda mlangoni, akaweka shavu kwenye ubao.

"Kaka," alisema kwa sauti ndogo. "Hizo sauti. Na wewe unazisikia?"

Hilde alihesabu pumzi zake mwenyewe.

"Nazisikia," alisema Bonifas. "Ni watu. Watu wengi. Hawa ni kina nani tena?"

Jamani! Tangu azaliwe Hilde hajawahi kuambiwa neno tamu kama lile. Alianza kucheka, machozi yakatoka pamoja na kicheko, akashikilia mlango asianguke. Walikuwa watu! Watu wa kweli, wenye mapafu, wanaopiga kelele za kweli!

Msafara uliingia uani, Nikolaus mbele anaita kama anauza samaki, Nesi Nairesiae nyuma na boksi lake la dawa begani, maana alikuwa amebashiri kwamba sindano itabidi imfuate Hilde nyumbani.

"Shikamoo, baba," nesi alimsalimu Bonifas.

"Marahaba." Bonifas alisimama, akajikung'uta suruali. "Nesi, dada yangu anaumwa. Hali. Hanywi chai. Anatembea. Mnajua wenyewe ilivyokuwa."

Nesi akatazama kufuli, akamtazama yeye, akaelewa yote kwa mkupuo. "Baba, chai nimemkataza mimi. Sukari imepanda kwenye damu. Ugali nimempunguzia mimi. Na kutembea tunatembea wote, hawa hapa."

Mlango wa jiko ulifunguka. Shamimu alitoka taratibu, khanga ameikaza kifuani. "Hilde," aliita akielekea chumbani, hakumwangalia mtu mwingine. "Kwa hiyo si sumu?"

"Sukari, wifi!" Hilde alipaza sauti toka ndani. "Ni sukari tu! Nilishindwa kukwambia. Niliogopa utadhani nakuwazia yale ya zamani."

Shamimu aliketi pale kizingitini kama mzigo umemtoka kichwani. "Sukari," alisema, akacheka, akajifuta macho, akacheka tena. "Siku zote hizi nalala najua nimeitwa mchawi ndani ya nyumba yangu, kumbe sukari! Mtoto we, ungenieleza, chai ningekuchemshia hata na majani ya mpera!"

Kufungua kufuli kulichukua muda, kutu ilikuwa imelikaba. Nikolaus alitoa ushauri mwingi usiosaidia. Hatimaye likaachia. Siku hizi liko kwenye banda la kuku, na kuku hawajalalamika.

Sindano ilichomwa hapohapo chumbani. Shamimu akaleta chai, haina sukari hata chembe, akamtazama Hilde anavyokunywa hadi tone la mwisho. Kisha wakaondoka kumalizia njia yao, na Bonifas, hakuna aliyemwalika, akachukua kofia akafuata nyuma. Alitaka kuona kwa macho yake. Mtu wa miwa, nguvu anazo, lakini mwendo wa Nairesiae si wa mchezo. Alikuwa anahema kabla hawajatoka kwenye mashamba.

Miwa ikaisha, reli ikatokea mbele, imenyooka kuelekea Mikumi. Bonifas akasimama. Hilde alikuwa mbele ya wote. Alipanda tuta, akakanyaga taruma la kwanza, mgongo wake umemwelekea kaka yake kama alivyouwazia mara elfu, anakwenda, haitiki. Bonifas alifungua mdomo amwite.

Hilde akageuka.

Alishuka tuta anatabasamu, jasho linamtiririka, akaja moja kwa moja mpaka alipo kaka yake, akamshika mkono.

"Hapa ndipo tunapogeukia, kaka," alisema. "Twende nyumbani."