Nilivyotuma mahari Kigoma kwa internet wakati wa vita, swali la siri likaniumbua

Wakuu, amahoro, yaani amani, kwenu wote.

Nimesoma uzi wa jamaa anayelalamikia makato ya kutuma pesa nje ya nchi, nikaona nami nitoe yangu. Nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo uzi huu umenichukua siku tatu. Sijatunga kitu. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya vita. Nilikuwa nakamua mawese hapa Rumonge, kando ya ziwa, ng'ambo ya Kigoma.

Msichana niliyempenda, Espérance, alikuwa amevuka ziwa na baba yake, Mzee Balthazar, wakakaa kwa ndugu zao upande wa Kigoma. Habari zikanifikia kwamba fundi baiskeli mmoja wa huko ameshapeleka wajumbe, na Jumapili watarudi na mahari kamili.

Mzee akanitumia neno. Kwa kuwa mimi nilitangulia kuomba, ananipa nafasi hadi Jumamosi. Ng'ombe watatu, kwa pesa taslimu. Jumamosi ikipita, Espérance anakwenda kwa baiskeli.

Pesa nilikuwa nayo, nimeikusanya miaka miwili. Shida ilikuwa kuivusha.

Kupanda Bujumbura benki? Barabara ya Muhuta magari yalikuwa yanasubiri kusindikizwa na askari, na hata hivyo hukuwa na uhakika wa kufika. Halafu ukifika, benki nayo inakata kwake.

Watu wa mitumbwi walitaka karibu ng'ombe mmoja kati ya watatu. Na mmoja wao alishawahi kurudi akisema pesa za watu zimeanguka majini, yeye mwenyewe akiwa mkavu mpaka kofia.

Siku hizo Bwana Salumu, muuza vitambaa, wa zile familia za asili ya Oman, alikuwa ameweka kompyuta moja dukani kwake. Unampa pesa, anaandika kwenye internet, na duka la mwenzake Kigoma linamlipa mtu wako. Makato yake hayakufika hata bei ya mguu wa mbuzi.

Alhamisi nikaenda.

Nyuma yangu kwenye foleni kulikuwa na Mama Zawadi, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, aliyetoka Kivu, pamoja na wenzake sita na mabeseni yao.

"Jina la mupokeaji?" Salumu akauliza.

Nikataja la Mzee Balthazar. Mahari haitumwi kwa msichana, hilo mnalijua.

"Sasa swali la siri na jibu lake. Mupokeaji ataulizwa kule. Sema."

Sema! Mbele ya wauza ndagala saba! Mimi nilikuwa mtu wa kununua chumvi kwa kuonyesha kidole. Nikamwomba niandike mwenyewe, akanigeuzia kompyuta.

Nikaanza kutafuta herufi moja moja.

"Kijana, unaandika Biblia?" Mama Zawadi akasema. "Jenereta iko inakunywa mafuta!"

Wakuu, kosa nililifanya hapo.

Nilijua Mzee hajui kusoma, na kila karatasi nyumbani kwake inashikwa na Espérance. Nikawaza kwamba atakayekwenda kuchukua ni yeye. Basi nikaandika swali ambalo jibu lake analijua yeye peke yake: "Siku ile tukiokota chikichi Kigwena, uliniambia nini?"

Nikaandika jibu, nikalipa, nikatoka dukani nikitembea kama mtu mwenye mifugo.

Nilisahau jambo ambalo hata mtoto wa kwetu analijua. Mahari haichukuliwi kimyakimya, inapokelewa na watu. Ijumaa asubuhi Mzee Balthazar alivaa koti, akakusanya kaka zake wanne, msemaji wa ukoo, na bibi mmoja wa kupiga vigelegele. Wote wakaingia kwenye duka la Kigoma.

Mchana Salumu akatuma mtu aniite mbio. Simu ilikuwa mezani, ameifungulia spika kwa sababu laini ilikuwa mbovu. Mama Zawadi naye alikuwepo, anapima kitambaa. Naamini alikuwa amemaliza kukipima zamani.

"Pesa yako imekwama," Salumu akaniambia.

Kumbe karani wa Kigoma alimsomea Mzee swali. Mzee akashtuka. "Mimi? Kigwena? Nilimwambia atoke kwenye shamba langu!" Karani akaandika hivyo hivyo. Kosa.

Msemaji wa ukoo akamshauri kwamba maswali ya mahari hujibiwa kwa heshima. Mzee akasema, "Basi nilimwambia amahoro." Kosa la pili.

Ilibaki mara moja tu. Ikikosewa, pesa inafungwa wiki mbili ndipo inirudie.

Nikauliza, Espérance je? Walimfuata nyumbani wakamuuliza. Alijifunika kitenge usoni akasema, "Mumuulize mwenyewe."

"Na mimi jibu lako silioni," Salumu akasema. "Naonaga nyota tu."

Sauti ya Mzee ikajaa dukani. "Weye kijana! Nilikuambia nini Kigwena?"

"Si wewe, Mzee."

"Ni nani basi?"

Mama Zawadi akaacha kitambaa.

"Ni... ni Espérance, Mzee."

"Alisema nini?"

Kwa desturi yetu bwana harusi hafungui mdomo mbele ya baba mkwe. Anasemewa na mjumbe. Mjumbe wangu alikuwa ameapa hatavuka ziwa hata kwa ng'ombe wa kwake. Nikisema, Mzee atajua kwamba binti yake alishanipa neno bila ruhusa, na anaweza kuvunja kila kitu. Nisiposema, fundi baiskeli anaoa.

Nikanong'ona.

"Paza sauti!" Salumu, Mama Zawadi na Kigoma nzima, kwa pamoja.

Nikafumba macho. "ALISEMA, NITAKUJA HATA BILA NG'OMBE!"

Salumu akaisogelea simu.

Halafu nikamsikia Mzee akimuuliza karani polepole, "Na lazima niliseme mimi?"

"Ndiyo, mzee. Mpokeaji ni wewe."

"Kwa mudomo wangu. Mbele ya kaka zangu. Ndipo nipewe ng'ombe."

"Ndiyo, mzee."

Akakohoa. "Nitakuja," akasema, kama mtu anayetapika mwiba wa samaki, "hata bila ng'ombe."

Yule bibi akadhani ndiyo ishara yake, akapiga vigelegele. Kaka zake wakaangua kicheko. Nyuma ya kicheko nikasikia noti zinahesabiwa.

"Mupole hivi!" Mama Zawadi akanipiga begani. "Kumbe unapewaga vitu bure!"

Mzee akarudi kwenye simu. "Kijana. Watatu nimepokea. Sasa utatuma wa ine, wa adabu."

"Ndiyo, Mzee."

"Na swali natunga mimi. Mutoto ni wa nani? Jibu: wa baba yake, mupaka ng'ombe wa ine afike."

Jumapili wajumbe wa fundi baiskeli walikuta pombe ya mahari yangu inanywewa. Walikaribishwa, wakanywa hadi jioni.

Wa nne nilimtuma baada ya miezi mitatu. Karani alituambia Mzee alijibu kabla swali halijasomwa lote.

Nilichojifunza: msikimbilie njia ya kwanza, ulizeni makato kila mahali, maana wakati mwingine njia ya bei ndogo iko jirani. Jina la mpokeaji liwe la mtu atakayesimama pale kweli. Na swali la siri liwe jina la mlima au la shule, kitu ambacho baba mkwe anaweza kukitamka akiwa amevaa koti.

Nyinyi wakuu, mliwahi kukwama kwa swali gani? Na mngekuwa mimi, mngepaza sauti? Andikeni. Nasoma polepole, lakini nasoma yote.