Udongo Mwekundu wa Mama Magome

Ninalotaka kusimulia hamtaliamini, wala simlaumu mtu. Mimi mwenyewe niliyekuwepo, jicho langu moja bado linaliuliza lingine kama linasema kweli.

Shemeji yangu, mke wa kaka, mtaa mzima unamwita Mama Magome. Chumba chake cha mbele kina benchi, kinu, chekeche na madebe ya magome makavu: la kifua, la tumbo, la homa. Dawa zake zikigusa ulimi unakumbuka dhambi za utotoni, na ulimi wake mwenyewe ni mkali zaidi.

Wachuma dawa tangu zamani wana adabu yao. Unabandua ukanda mwembamba, wa kusimama, upande mmoja tu. Hubandui kulizunguka shina lote, maana mti uliobanduliwa pande zote ni maiti iliyosimama. Kisha jeraha unalipaka udongo mwekundu. Udongo huzuia wadudu, tena humwambia mchumaji mwenzio: huyu anapumzika, pita. Na mwenzio hupita.

Wakaja watu wa lori. Walitaka gome la kifua, ila mti wenyewe hawaujui hata ukiwaamkia. Wakagundua kuwa penye udongo ndipo penye mali. Basi kila mti ambao Mama Magome aliuuguza, wao waliuvua nguo kuanzia kiunoni hadi mizizini.

Akaenda ofisi ya misitu. Bwana misitu alimsikiliza huku akijikuna goti.

"Mama, umewaona kwa macho?"

"Nimeona miti."

"Miti haitoi ushahidi."

"Wala wewe hutoi msaada, mwanangu. Goti linaendeleaje?"

"Dawa yako imelisaidia sana, mama. Unayo nyingine?"

"Imeondoka na lori."

Ukabaki mti mmoja mkubwa wa gome la kifua, bondeni, wenye matunda, tena mabichi. Mti ule hauoti kwa tawi. Ni mbegu au basi. Nao ulikuwa na jeraha bichi, alilolikata mwenyewe kwa ajili ya mtoto wa jirani. Asipopaka, wadudu wataingia. Akipaka, lori litaingia. Alikaa akitwanga kitu ambacho kilikwisha kuwa unga zamani.

"Nisipake?" akauliza.

"Paka yote," nikamwambia. "Paka hata nguzo za umeme. Wachanganyikiwe!"

Wazo langu hilo, mlijue. Tukabeba ndoo, tukapaka kuanzia barabarani hadi bondeni: miti ya kuni, miti ya kivuli, hata ukuta wa choo cha ofisi ya misitu. Nilirudi nyumbani kifua mbele kama bwana harusi.

Lori likaja. Likavua kila mti uliopakwa kando ya barabara, likajaa magome ya upuuzi, likaondoka kabla ya kufika bondeni. Nasikia tajiri wao alipoonja alitema mate hadi jioni, akaapa kutorudi tena. Mti mkubwa ukasalimika.

Nikangoja shukrani. Mama Magome alikuwa amesimama katikati ya ile miti mingine, isiyo na dawa wala kosa, imebaki uchi.

"Huu nyuki waliupenda," akasema, akishika shina. "Shemeji, tumeziba ufa kwa matofali ya ukuta uleule."

"Si mti wako umepona?"

"Umepona. Na hii nimewauzia mimi, kwa mkono wangu. Hebu niondokee kabla sijakupaka na wewe!"

 Alikwenda kuipaka ile iliyovuliwa, ingawa alijua maiti haitibiwi. Matunda yalipoiva, alikuwa chini ya mti na gunia, akigombana na ndege.

Ndiyo maana leo ukiingia uani kwake unapotea. Miche imesongamana, ukuta hauonekani, kuku hawaonekani, kwenda bafuni ni kwa panga, na juzijuzi nyani wameanza ku—

"Nyani gani, shemeji?" Amesimama nyuma yangu, anasoma ninachoandika juu ya bega langu. "Miche ni minne, imo kwenye makopo, na mmoja umenyauka. Futa hapo."