Pakiti Niliyowashia Jiko

Niliichoma pakiti ya soseji. Naanza na hilo kabisa, mwanangu, ili ukifika mwisho usiseme nilikuficha. Niliipasua, nikatoa soseji, halafu ile nailoni nikawashia jiko la mkaa, maana mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha na mimi nilikuwa na njaa. Hapa Bariadi kila mtu anawashia jiko nailoni. Mimi tu ndiye niliyewashia ushahidi wangu mwenyewe.

Nakuita mwanangu ingawa niko kidato cha tatu na wewe pengine uko cha kwanza. Miaka miwili si michache ukiishi na mama yangu.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa Alhamisi. Mama ni muuguzi, na alikuwa hajarudi kutoka zahanati. Nyumbani tulikuwa mimi na Nusra, mtoto wa miaka mitano, binti wa Mwalimu Zuhura tunayepakana naye ukuta. Mwalimu alihamishiwa huku kutoka Tanga. Hana dada wala shangazi Simiyu nzima, kwa hiyo jioni anapofundisha masomo ya ziada, Nusra anakula kwetu. Sisi ni Wakatoliki, wao ni Waislamu, na mama aliweka utaratibu tangu mwanzo. Kuku wetu anachinjwa na Mzee Athumani fundi cherehani, siku zote, hata Krismasi. Mjomba aliwahi kuja kutoka Lalago na kitimoto, nyama ya nguruwe, kwenye gazeti. Mama alimfanya akile nje ya geti, amesimama, kama mtu anayesubiri bodaboda. Jiko letu ndilo jiko pekee mjini hapa ambalo Mwalimu Zuhura alikuwa haliulizi kitu.

Sasa mapishi, maana nayo utayahitaji. Kata soseji vipande vya urefu wa kidole, weka kwenye kikaango na mafuta kidogo tu, kwa sababu zenyewe zina mafuta yake. Usizisumbue, ziache zibadilike rangi. Tia kitunguu, tia nyanya mbili. Chumvi iache kwanza, soseji imeshakuja nayo. Kisha spinachi, fungu zima, hata kama unaona kikaango hakitoshi. Itanywea mpaka uulize nani kaila. Mimi mwishoni nilimwaga humohumo wali uliobaki mchana. Dakika ishirini, na cha kuosha ni kikaango kimoja. Hekima yote niliyokuwa nayo siku ile iliishia hapo.

Nusra alikuwa hajawahi kuona soseji. Aliigeuza kwa kijiko, akaisogeza pembeni, akaniuliza ni nyama ya nani.

Jibu lilikuwa neno moja, mwanangu. Ng'ombe. Mimi badala yake nikakunja pua, nikakoroma kama nguruwe, mara mbili. Nusra akacheka, akakoroma na yeye, akasema bismillahi, akala. Akaongeza.

Mwalimu alipokuja kumchukua alimuuliza mwanawe kama kila siku, leo umekula nini. Nusra akakoroma.

Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukijifunga taratibu vile. Hakufoka. Aliangalia kikaango, akaniangalia mimi, akauliza pakiti iko wapi. Nikamwambia ulikuwa utani, soseji ni za ng'ombe. Akauliza tena pakiti iko wapi. Nikaonyesha jiko.

"Umeichoma," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa shida ya mtu kama mimi. Nilikuwa nasema kweli kwa sauti ileile na uso uleule ninaotumia kudanganya wenzangu kila siku. Angejuaje?

Mama akafika katikati ya hayo, bado na sare. Mwalimu akamweleza kwa maneno machache. Mama alinigeukia, na nilijiandaa kwa hasira, lakini aliniangalia kama anavyoangalia mgonjwa anayedai amemeza dawa zote. Akauliza kama nilisoma kilichoandikwa kwenye pakiti. Je, nilisoma? Kichwa cha ng'ombe nilikiona, lakini nilikiona kwenye pakiti, au kwenye bango la bucha lililo mkabala na duka nilikozinunua? Nikaanza kujishuku mwenyewe. Nikainama nikanusa kikaango. Soseji ikanukia soseji, basi.

Tukaenda dukani wanne, jua bado halijazama, Nusra mgongoni kwa mama yake. Njiani akakoroma mara moja. Hakuna aliyecheka, na mimi nilitamani ardhi yote ya Bariadi inifunike.

Mama akamsalimia dada wa dukani kwa Kisukuma, "Mwadela," kama kawaida yake, kisha akauliza kama mimi nilinunua soseji pale. Dada akanitazama, akaanza kucheka.

"Si huyu aliyeniuliza ng'ombe wa kwenye pakiti ni wa Meatu au wa Maswa?"

Akafungua friji, akatoa pakiti kama ileile. Kichwa cha ng'ombe mbele, alama ya halali pembeni. Za nguruwe, alisema, duka hilo halijawahi kuuza. Kwa hiyo utani mmoja ukaniokoa na mwingine, na mimi nikadhani yamekwisha.

Mwalimu aliisoma pakiti mbele na nyuma, hata maandishi madogo. Akamwambia mama, "Nimeridhika, dada." Nadhani aliridhika kweli. Ila wiki iliyofuata Nusra alikuja kwetu na hotpoti yake kutoka nyumbani. Wiki mbili akaja nayo. Mama alikuwa anaipokea, anaiweka mezani. Siku hizi Nusra amerudi kwenye sahani zetu, lakini kabla ya bismillahi huchungulia chakula, kisha ananiuliza mimi, bila kucheka, "Hii inaliaje?" Hata kama ni maharage.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Pika haraka utakavyo. Lakini mtu anayekula kwa kukuamini akikuuliza hiki ni nini, mjibu kwanza, utani uje sahani zikishaoshwa. Na pakiti itunze mpaka mgeni aondoke. Mungu akupe mkaa mkavu, spinachi isiyo na mchanga, na jirani anayekuachia mwanawe bila kugeuka nyuma.

Mama siku ile, tulipotoka dukani, alipitiliza moja kwa moja mpaka uani. Alikaa kwenye kigoda, akala kilichobaki chote, akanikabidhi kikaango nikakioshe. Akasema:

"Nyama tumeshaijua, Maduhu. Bado wewe."